Tuzeekee Wapi? Mhadhara kwa Watu wa Goma Wanaokaribia Kustaafu



Nimeombwa nijibu swali moja: mtu aliyemaliza kazi yake hapa Kivu Kaskazini, mwenye pensheni ndogo au asiye na pensheni kabisa, azeekee wapi ili awe salama na asiimalize akiba yake mapema? Tangu nilipoingia ukumbini nimedokezwa majibu. Mmoja ameniambia Butembo. Mwingine Kampala. Mama mmoja amesema Idjwi, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kufunga mizigo. Nitapita kote huko. Ila sipendi kumweka msikilizaji akisubiri, kwa hiyo jibu langu nalitoa sasa hivi, na anayetaka kunipinga aanze kunoa hoja zake: kwa wengi wetu, mahali pa kuzeekea ni hapa hapa Goma. Si kila kona ya Goma, na si kwa namna tuliyozoea kujenga. Lakini Goma.

Najua jambo hilo linavyosikika. Volkano ya Nyiragongo imemwaga moto wake kuelekea kwetu mara tatu katika umri wa mtu mmoja: tarehe 10 Januari 1977, tarehe 17 Januari 2002, na Jumamosi ile ya tarehe 22 Mei 2021. Chini ya ziwa letu la Kivu kuna gesi. Vita vimeingia mjini, vikatoka, vikaingia tena. Waasi wa M23 waliuchukua mji tarehe 20 Novemba 2012 wakaondoka mwanzoni mwa Desemba. Mwishoni mwa Januari 2025 wakarudi, safari hii pamoja na muungano wa AFC, na sisi sote tuliokuwapo tunajua siku zile zilivyokuwa. Mtu wa mbali akiisoma orodha hiyo atasema mzee mwenye akili Goma haulizi azeekee wapi, anauliza gari la kwanza linaondoka saa ngapi.

Ulaya na Marekani kuna magazeti ambayo kila mwaka hupanga nchi nzuri za kustaafia: Ureno, Panama, Kosta Rika na nyinginezo. Hupima hali ya hewa, bei ya nyumba, madaktari na kodi. Kwa hali ya hewa tungewashinda wengi. Ziwa letu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, joto halitesi, maharagwe yanavunwa mara mbili kwa mwaka. Wabelgiji walilijua hilo wakajenga nyumba zao ukingoni mwa maji, na Mobutu naye akajijengea kasri lake papo hapo. Lakini vipimo vya magazeti hayo vinasimama juu ya mambo mawili ambayo hayaandikwi kwa sababu huko hayahitaji kuandikwa: kwamba pensheni itafika popote mtu alipo, na kwamba palipo salama leo patakuwa salama kesho kutwa. Kwetu mambo hayo mawili ndiyo swali lenyewe. Tuanze na pesa.

Mfuko wa hifadhi ya jamii tuliouita INSS tangu mwaka 1961 uligeuzwa kuwa CNSS kufuatia sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Mfanyakazi anakatwa asilimia 5 ya mshahara, mwajiri anaongeza asilimia 13, na si yote inayokwenda kwenye uzee: kuna fungu la watoto na fungu la ajali za kazini. Ukifika miaka 60 ukiwa umechangia miezi 180, unastahili pensheni ya uzee. Nawaomba mlio bado kazini mkariri hiyo 180. Mwajiri anayekata mshahara wako bila kupeleka michango ndiye adui wa kwanza wa uzee wako, na wakati wa kumdai hati ni sasa, wakati bado anahitaji jasho lako.

Watumishi wa serikali wana mfuko wao, CNSSAP, ulioundwa kwa amri ya Desemba 2015. Kabla ya hapo hawakuwa na mfuko wa kuchangia. Malipo yao ya uzeeni yalingoja bajeti ya taifa, na bajeti ya taifa ilikuwa na wengine wa kuwahudumia kwanza. Mkishangaa kwa nini shuleni kwetu kuna walimu waliokwisha kupita umri na bado wanashika chaki, jibu ndilo hilo. Aliye kazini angalau anatazamia kitu mwisho wa mwezi.

Na hata pesa ikifika, ina tabia ya kuyeyuka. Wale wa enzi ya zaire wanakumbuka. Mwaka 1993 zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire 3,000,000 za zamani. Mwaka 1994 bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 9,000. Mwaka 1998 ikaja franka ya Kongo, moja kwa zaire mpya 100,000. Fanyeni hesabu wenyewe: franka moja ilibeba zaire za zamani bilioni 300. Aliyestaafu mwaka 1990 na daftari la akiba alilolijaza kwa miaka thelathini, miaka minane baadaye daftari hilo lilikuwa karatasi tu. Tangu hapo mtu wa Goma anaamini vitu viwili: dola na parseli, yaani kiwanja. Simlaumu. Ila imani hiyo ya pili ndiyo inayotuponza, nami nitaifikia.

Kisha ukaja mtihani mwingine. Kuanzia mwaka 2011 serikali ilianza kupitisha mishahara ya watumishi wake benki, na kusema kweli ilikuwa hatua nzuri, maana ilipunguza mikono iliyokuwa ikinyofoa bahasha njiani. Mwishoni mwa Januari 2025 benki za Goma zikafunga milango. Mwenye akaunti akabaki anaisoma pesa yake kwenye simu kama anayesoma habari za mtu mwingine. Watu wakategemea mawakala wa pesa za simu, na kila wakala anakata chake. Wengine wakavuka mpaka kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda. Mzee wa miaka sabini asiyeweza kusimama kwenye mstari alimtuma mjukuu. Kwa hiyo, kabla hata hujachagua mtaa, hakikisha pesa yako ina angalau njia mbili za kukufikia zisizopita mlango mmoja. Akaunti kwenye benki yenye tawi mji mwingine ni njia moja. Simu ni ya pili. Na mtu unayemwamini, aliyeko nje ya mji, mwenye barua ya uwakilishi iliyotiwa muhuri kwa noteri, ni ya tatu, na wakati wa shida mara nyingi ndiyo inayofanya kazi.

Sasa kijiji. Baba zetu hawakuuliza swali hili. Mtu akimaliza kazi ya mashamba makubwa, ya misheni au ya serikali, alirudi kwao. Masisi kulikuwa na ng'ombe, maziwa na jibini inayojulikana mpaka Kinshasa. Rutshuru kulikuwa na maharagwe na ndizi. Hakuna kodi ya nyumba, hakuna mlinzi wa kulipwa, kuni zipo, ndugu wapo, na makaburi ya wazee yapo. Kwa gharama, hakuna mji duniani unaoweza kushindana na kijiji.

Lakini Masisi na Walikale vimejua mapigano tangu mwaka 1993, na tangu hapo kijana aliyezaliwa wakati ule amekuwa mtu mzima mwenye watoto bila kuona miaka kumi mfululizo ya utulivu. Kila mmoja wetu anamjua mwalimu au muuguzi aliyestaafu, akatumia akiba yake kuezeka mabati kijijini, na baadaye akaonekana chini ya hema Mugunga, Bulengo au Kanyaruchinya. Februari 2025 kambi zile nazo zikavunjwa na watu wakaambiwa warudi makwao. Warudi wapi, katika nyumba isiyo na mlango, kwenye shamba analolima mtu mwingine? Na kuna jambo ambalo halisemwi hadharani: kijijini, mzee mwenye pensheni ndiye mara nyingi mtu pekee mwenye pesa taslimu, na kila mwenye bunduki anajua siku ambayo pesa hiyo inafika.

Ushauri wangu kuhusu kijiji ni mgumu kwa sababu unagusa heshima. Shamba usiliuze. Lilime kwa mikono ya ndugu, kwa mapatano ya kugawana mavuno, mbele ya mashahidi na shefu wa mahali. Litakupa gunia la maharagwe, na litawaachia watoto kwao. Wewe mwenyewe, mwenye presha, mwenye sukari, mwenye goti linalolalamika, kaa palipo na barabara.

Mama wa Idjwi, sijakusahau. Idjwi ina jambo la kujivunia: miaka yote hii ambayo nchi kavu pande zote mbili za ziwa ilikuwa ikiungua, kisiwa hakikuwa uwanja wa vita kama jirani zake. Kina nanasi, kina kahawa, kina hospitali ya Monvu upande wa kusini. Lakini ardhi ni haba na watu ni wengi, na mgeni anayekuja kununua huko ananunua pia macho ya jirani. Halafu kuna maji. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama watu wakitazama, karibu kabisa na bandari ya Kituku, na ilikuwa imejaa kupita kiasi kwa sababu barabara ya Minova ilikuwa imekatwa na mapigano. Mtu mwenye moyo mzima na figo nzima anaweza kuzeekea Idjwi vizuri sana. Anayepooza upande mmoja saa nane za usiku atangoja alfajiri, na baada ya alfajiri atangoja upepo.

Wala nchi kavu ya ukingo wa magharibi si jibu rahisi. Kalehe palionekana pazuri: ziwa mbele, milima nyuma, bei ya chini. Tarehe 4 Mei 2023 mvua iliyonyesha milimani ilishusha mito na mawe juu ya Bushushu na Nyamukubi, wakafa zaidi ya watu 400. Mlima uliokatwa miti hauna huruma na aliyejenga miguuni pake, na jambo hilo halihitaji waasi wala volkano.

Tuangalie sasa miji. Wakati huu nitawaomba mtazame kitu kimoja tu: watu walikimbilia wapi, na lini. Julai 1994 Warwanda karibu milioni moja walimiminika Goma kupitia Gisenyi, na kipindupindu kikawaua kwa makumi ya maelfu kwenye mawe yetu haya. Januari 2002 ikawa zamu yetu kukimbilia Gisenyi. Mei 2021 tukakimbilia Gisenyi na Sake. Februari 2024 watu wa Sake wakakimbilia Goma, kwa barabara ile ile, wakielekea upande wa pili. Januari 2025, vita vilipoingia Goma, mabomu yalianguka hata Gisenyi na raia wakafa huko. Bukavu, ambako wengi walituma familia mapema, nayo ikachukuliwa katikati ya Februari. Butembo ni mji wa wachapakazi na sina neno baya juu yake, lakini Beni jirani yake imekuwa ikichinjwa na waasi wa ADF tangu Oktoba 2014, na Juni 2024 mapigano yalifika Kanyabayonga, mlango wa kusini wa Lubero. Kila mji wa ukanda huu umewahi kukimbiwa, na karibu kila mmoja umewahi kukimbiliwa.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaotafuta mji usio na hatari. Haupo, na anayekuuzia parseli kwa jina hilo anakuuzia maneno. Panya wa porini hachimbi shimo lenye mlango mmoja. Swali la kuuliza ni hili: nikiamka usiku na kuambiwa tuondoke, kuna njia ngapi ambazo mimi, kwa umri wangu na miguu yangu, ninaweza kuzifuata, na nikirudi nitakuta nini? Kwa kipimo hicho Goma inapata alama nzuri kuliko miji yote niliyoitaja. Kuna barieri mbili za kuingia Rwanda, na kwa mtu wa Birere au Mapendo barieri ndogo ni mwendo wa miguu. Kuna barabara ya Sake na Minova. Kuna ya Rutshuru mpaka Uganda. Kuna ziwa. Si siku zote njia zote ziko wazi. Siku ambayo zote zimefungwa kwa pamoja ndiyo haba.

Mtauliza: kama mlango mkubwa ni Gisenyi, kwa nini usihamie Gisenyi moja kwa moja? Wapo waliofanya hivyo, na barabara zao zinafagiliwa, nakubali. CEPGL, jumuiya ya uchumi ya nchi za Maziwa Makuu, ilizaliwa huko huko Gisenyi mwaka 1976 ili watu wa nchi zetu tatu wavuke bila kusumbuliwa, na kwa miaka mingi kitambulisho na jetoni, kikaratasi cha kuvukia, vilitosha. Lakini mpaka ni mlango ambao ufunguo wake hauko mikononi mwako. Mwaka 2020 ulifungwa kwa ajili ya korona. Juni 2022, baada ya askari wa Kongo kuuawa pale barieri ndogo, Kongo ikaamua mpaka ufungwe saa tisa alasiri. Mzee anayeishi upande ule, ambaye daktari wake, kanisa lake, kikundi chake cha likelemba, yaani mchango wa kupokezana, na wajukuu wake wako upande huu, anageuka mgeni wa watu wake mwenyewe kila siasa inapochacha. Gisenyi ni pahali pa kwenda. Pa kuhamia, labda kwa mwenye watoto huko.

Kampala ni habari tofauti. Tangu Kongo iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 safari imekuwa nyepesi, madaktari wapo, na Kiswahili chetu kinaanza kueleweka. Lakini kodi ya nyumba haingoji pensheni ya Kinshasa. Na Kinshasa yenyewe, kwa mtoto aliyefanikiwa? Hapo wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mzazi hapewi jembe, anapewa wajukuu wanne na ufunguo wa nyumba, na mwana na mkwe wanatoka asubuhi kurudi usiku. Wapo wanaofurahia. Wengine wamekaa ghorofani wakisikiliza Kilingala dirishani, hawana wa kusalimiana naye, na uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa hawakuweza hata kuja kuzika.

Basi Goma. Lakini wapi ndani ya Goma?

Mlima kwanza. Moto wa Nyiragongo hauji mjini kwa kumwagika kutoka juu tu. Unapita kwenye nyufa za ardhi zinazoshuka kusini, na unatokea pale ufa unapofunguka. Mwaka 2002 ulipita uwanja wa ndege, ukakata katikati ya mji, ukaimeza katedrali ya Mtakatifu Yosefu, ukaingia ziwani. Mwaka 2021 ulisimama pembeni mwa mji, upande wa Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Siku chache baadaye, alfajiri ya tarehe 27 Mei, gavana wa kijeshi Constant Ndima alitangaza kwamba mitaa 10 kati ya 18 iondoke: Majengo, Mabanga zote mbili, Virunga, Bujovu, Murara, Mapendo, Mikeno, Kahembe na Les Volcans. Tulilalamika sana juu ya tangazo lile, na tulikuwa na haki, maana wazee walitembea mpaka Sake na kulala barabarani. Lakini orodha ile ni ramani tuliyopewa bure. Sisemi aliye Majengo auze kesho. Nasema asiyenunua bado, mwenye miaka hamsini na tano, asianze na mitaa hiyo kwa sababu bei ni nzuri. Bei ni nzuri kwa sababu hiyo hiyo.

Upande wa magharibi, Himbi, Keshero, Ndosho mpaka Mugunga, haukuguswa katika mara hizo tatu. Himbi ya ziwani si yetu. Bei yake iliwekwa na mashirika ya kigeni na wenye madini, na mstaafu anayejibana ili aishi kule atakula mandhari ya ziwa. Keshero na Ndosho ndipo ninapoelekeza macho. Keshero kuna hospitali. Ndosho kuna ile ya kanisa la CBCA, ambako Msalaba Mwekundu umekuwa ukiwapasua majeruhi wa vita. Barabara ya Sake iko mlangoni. Tangu Februari 2020 Ndosho kuna umeme wa jua wa kampuni ya Nuru, na kuna nyaya za kampuni ya Virunga zinazoleta umeme wa maji wa Matebe. Nyaya zinakatika: Januari 2025 tulikaa gizani na bila maji. Mwenye dawa ya sukari inayohitaji baridi aliona nini maana ya hilo. Kwa hiyo taa ya jua ndogo juu ya bati si anasa ya wazungu.

Ila magharibi kuna mazuku. Tangu kambi za Mugunga mwaka 1994 tunaokota watu na mbuzi waliokufa bila jeraha kwenye mabonde madogo ya Bulengo, Lac Vert na sehemu za Keshero. Ni kaboni dioksidi inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa, haina rangi, inakaa chini mahali palipobonyea, hasa usiku na alfajiri upepo usipovuma. Anayesimama anaweza kupona na anayeinama kuokota kitu akaanguka. Sasa fikirieni mzee: analala chini, anaamka alfajiri, anainama. Parseli iliyo kwenye bonde, hata kama ni ya bure, usiipokee. Waulize majirani, si muuzaji. Uliza kama kuku na mbwa hufa hapo. Angalia mimea ya chini ikiwa imekauka wakati ya pembeni ni mibichi. Nyumba ijengwe juu ya msingi ulioinuka, na shimo lolote, la choo au la tangi, lisichunguliwe na mtu aliye peke yake.

Kuhusu gesi iliyo chini ya ziwa, karibu kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za metani, kila mtu amesikia habari ya ziwa Nyos huko Kameruni, ambako watu wapatao 1,700 walikufa usiku mmoja wa Agosti 1986. Hatari hiyo ni ya kweli na ni kazi ya wanasayansi wa nchi mbili. Lakini haikusaidii kuchagua kati ya Himbi na Ndosho, kwa hiyo naiacha.

Maji ya kunywa ndiyo yatakayokusumbua kila siku. Tunaishi kando ya ziwa kubwa na tunanunua maji kwa bidoni, kwa kuwa mawe yetu yana matundu: mvua inanyesha na kuzama, hakuna kijito, hakuna kisima cha mkono. Bidoni ya lita 20 ni mzigo ambao kijana hauoni na mzee hauwezi. Kabla ya sebule, kabla ya geti la chuma, jenga paa linalokinga maji na tangi la kuyahifadhi. Na utazame njia ya kutoka nyumbani mpaka barabara ya magari: mawe yale makali yanayomchekesha kijana juu ya chukudu, baiskeli yetu ya mbao, ndiyo yanayovunja nyonga ya mama wa miaka 68.

Sasa nafika kwenye imani yetu ya parseli. Mtu anapokea malipo yake ya mwisho, anayazika yote kwenye nyumba ya vyumba saba, ghorofa ikiwezekana, ili watu wajue alifanya kazi. Mwaka 2002 wapo waliopoteza nyumba ya namna hiyo mchana mmoja, na bima haikuwarudishia hata msumari. Wa nyumba za mbao walipoteza pia, lakini walikuwa wa kwanza kusimamisha nyingine, juu ya jiwe ambalo chini yake bado kulikuwa na joto. Tumezoea kuidharau nyumba ya mbao kama alama ya umaskini. Mimi naiona kama jengo lenye akili kwa mji huu: nyepesi wakati wa tetemeko, rahisi, inavunjwa na kuhamishwa. Msingi wa mawe, kuta za mbao nzuri, vyumba viwili na choo cha ndani. Usiweke humo zaidi ya nusu ya ulichonacho.

Nusu ya pili ikizaa, izae karibu nawe. Jenga vyumba viwili vya kupangisha vyenye mlango wao, na uwapangishe wanafunzi wa chuo kikuu, wa UNIGOM au ULPGL. Kodi yao ni ndogo na huchelewa, lakini ni vijana walio uani. Ndio watakaobeba bidoni, ndio watakaokuamsha mlima ukinguruma, na ndio watakaomwita motari, mwendesha pikipiki, usiku. Hakuna mlinzi utakayemlipa akakufanyia hayo yote.

Na karatasi. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali. Wewe unapewa haki ya kuitumia, na haki hiyo inathibitishwa na hati ya usajili. Karatasi ya mauzo iliyotiwa sahihi na shefu wa mtaa mbele ya mashahidi ni mwanzo wa safari, si mwisho. Hati ya usajili ikipita miaka miwili bila kupingwa, inakuwa ngumu sana kuibomoa mahakamani. Hesabu basi: anayeanza taratibu za kadastra, yaani ofisi ya ardhi, siku anayostaafu anaingia uzeeni na kesi. Anza ukiwa na mshahara. Jina la mke liwemo, maana tunawajua wajane waliotolewa nje na shemeji kabla ya arobaini. Nakala zikae kwa mtoto aliye mji mwingine, kwa sababu mwaka 2002 kulikuwa na watu waliookoa maisha na kupoteza uthibitisho kwamba waliwahi kuishi mahali fulani.

Nimezungumza kama vile kila mtu ana pensheni. Wengi ukumbini hawana: mama wa soko la Virunga, fundi, mwenye butiki, hata mchungaji. Kwao mambo ni yale yale isipokuwa lile la pensheni. Likelemba inayozunguka kila mwezi haiwezi kuwa akiba ya uzee, kwa sababu inarudisha kile ulichotoa na siku usipoweza kutoa inakuacha. Lakini vikundi vinavyoweka na kukopeshana, vikiamua kutenga sehemu ndogo ambayo haiguswi mpaka mwanachama afike miaka sitini, vinaweza kumaliza tangi la maji na vyumba viwili vya mbao kwa kila mmoja, kwa zamu. Nimeona vikundi vinavyonunulia wanachama wake mabati kwa mtindo huo. Kutoka mabati mpaka tangi si mbali.

Muda wangu umekwisha na naona mikono imekwisha kuinuka. Nimeambiwa kuna watu wa Keshero waliokuja na swali kuhusu bonde nyuma ya parseli zao, ambako mbuzi wamekufa. Hilo haliwezi kungoja. Tuanze na wao, kisha wa CNSS.